Rejesta ya Wasiotaja Majina

Jumatatu, 3 Machi 1986
Nangila ameenda. Amehamia kwa dada yake Plateau na amebeba mrija wangu wa kunywea pombe ya busaa, ule alioniachia marehemu baba. Sufuria ameacha. Mrija amebeba! Amesema hatarudi mpaka nihudhurie mkutano wa watu walioacha pombe, na mtu mwenye akili timamu amwambie kwa mdomo wake kwamba aliniona huko. Neno langu halitoshi. Miaka kumi na moja ya ndoa! Nyumba imenyamaza hadi nasikia saa ya ukutani. Sikujua inafanya kazi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza kutafuta. Padri hajui. Dresa wa zahanati amesema kitu kama hicho kipo, ila hakitangazwi, na huko hakuna anayetaja jina lake lote. Nikaenda kwa kinyozi, maana kinyozi hujua yote. Katikati ya kunyolewa nikamnong'oneza: je, anajua mkutano wa siri wa watu wasiotaja majina? Mkasi ukasimama. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba ana watoto wanne, hajui mkutano wowote usio na kibali, na kadi yake ya chama ameilipia. Alidhani namtega kwa polisi. Kisha akanifungulia mlango. Nimerudi nyumbani na kichwa kilichonyolewa upande mmoja.

Jumatano, 5 Machi
Nimeshinda na kofia ghalani. Mimi ni karani wa ghala la mahindi, kofia haihitajiki. Jioni nikapita dukani kwa Macharia, jirani yetu hapa mtaa wa Pioneer. Huyu ni mzee wa kanisa, na Nangila hunitolea mfano wake tangu tuhamie: Macharia hanywi, Macharia akifunga duka huenda moja kwa moja kwake. Inasemekana hajawahi kuonja hata tone. Amenichosha bila kunikosea.

Nikamweleza habari ya kofia. Akacheka mpaka akakalia gunia la sukari. Halafu akanifungia kwa gazeti chumvi ambayo sikuitisha. Kufungua gazeti nyumbani, pembeni pameandikwa: Ijumaa, saa kumi na moja jioni, chumba cha shule ya nasari nyuma ya kanisa. Lazima ajue kila kitu, huyo!

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya nne bila tone. Mwandiko umekuwa wa kuku. Namkumbuka Nangila hata anavyonigombeza.

Lakini akili bado ipo. Shahidi nitamtoa wapi kati ya watu wasio na majina? Nimechora rejesta: jina kamili, lokesheni, namba ya kitambulisho, sahihi. Nimeazima na muhuri wa ghala. Hata Nangila hawezi kubishana na muhuri.

Ijumaa, 7 Machi
Ole wangu.

Watu saba kwenye viti vya watoto, magoti kidevuni. Na nani anamimina chai? Macharia! Nusura niangushe kikombe. Mmoja akasema anaitwa Simeon na yeye ni mlevi; wote wakamsalimia vizuri, kama amesema yeye ni mwalimu. Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikatoa rejesta, wino na muhuri, nikaomba kila mtu ajaze jina kamili na namba ya kitambulisho.

Mama mmoja akaweka kikombe chini polepole, akatoka. Wengine nyuma yake. Simeon akachagua dirisha, na dirisha la nasari si la mtu mzima. Akakwama kiunoni. Walidhani nimetumwa na Special Branch, makachero wa serikali!

Macharia akatoka nje kuwaambia kwamba mimi si askari, ni jirani yake, ni mjinga tu. Wakarudi. Tukamvuta Simeon. Wakaniuliza nilitaka nini hasa, nikasema nataka mke wangu, kisha nikalia kwenye kile kiti kidogo. Hakuna aliyecheka. Ila sharti lao ni moja: unayemwona hapa, hukumwona. Basi shahidi sina. Nimeiacha rejesta kwa watoto wa nasari waichore.

Jumapili, 9 Machi
Nangila amerudi! Mrija umebaki Plateau, unategemeza mche wa nyanya wa dada yake. Sawa tu.

Kumbe jana Macharia alifunga duka, Jumamosi nzima, akaenda Plateau. Nangila anasema alisimama mlangoni ameshika kofia mkononi, akamwambia: "Mama, mimi pia ni mlevi. Huu ni mwaka wa tatu sijanywa. Bwana yako nilimwona huko. Alikuja na muhuri."

Nangila akaamini papo hapo. Anasema uongo ungekuwa na akili zaidi.

Macharia alimwomba jambo moja tu: yasifike kanisani, wala kwa wateja. Miaka mitatu amelificha. Amelitoa kwa ajili yangu, mimi niliyemchukia bure. Nimeona haya, na nimempenda yule mtu.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya nane. Fadhila kama ile haiwezi kupita kimyakimya. Nimefika ghalani mapema, nikaiandika kwa taipureta: SHUKRANI KWA BWANA MACHARIA, MLEVI MWENZANGU, ALIYENIREJESHEA MKE. Nakala mbili, kila moja na muhuri. Moja nimeibandika kwenye mlango wa duka lake, nyingine kwenye ubao wa matangazo kanisani. Sasa nimesimama ng'ambo ya barabara, namngoja aje kufungua. Nataka nione uso wake akisoma.