Honi ya Ntheo ya Mjomba Kiema

Jumatatu, 10 Agosti 1987. Mbumbuni.

Mjomba Kiema amekuja na pikipiki. Si pikipiki, ni fahali! Ina kioo mbele, masanduku pembeni, na kiti cha nyuma kama sofa. Ilikuwa ya mtafiti mmoja Mjerumani kule Kiboko, aliyezunguka nayo nchi nyingi, akamwachia mjomba aliporudi kwao. Nyuma mjomba amevuta tela. Tela lenyewe ni kitanda cha chuma juu ya magurudumu ya mkokoteni.

Jumamosi tunapeleka ntheo Kwa Vonza, kwa kina Kalunde, mchumba wa mjomba. Mbuzi watatu, wa kuwaambia wazazi wake kwamba binti ana mwenyewe sasa. Wazee na kina mama wamejaza gari la kukodi mpaka mlangoni, kwa hiyo mbuzi watapanda tela. Shida ni moja. Leo polisi wa kizuizini alimwambia mjomba kwamba hataki kuona tena tela lisilo na taa. Hakuna taa, hakuna mbuzi. Hakuna mbuzi, hakuna Kalunde. Na Susu, nyanya yetu, ameapa hatampikia mjomba chakula cha Krismasi nyingine.

Mjomba akatangaza mbele ya wote: atakayewasha taa za tela ndiye atakayekalia ile sofa Jumamosi.

Nilitaka kusema "mimi". Sauti ikagoma, kama kawaida yake. Binamu yangu Kiilu akasema "mimi" kabla sijameza mate.

Kiilu! Aliifungua redio ya Susu mwaka jana, na mpaka leo inashika stesheni moja tu, ya mvumo.

Jumanne, 11 Agosti

Siku njema sana. Kiilu ameshindwa.

Alizifunga nyaya zote za pikipiki pamoja kama mzigo wa kuni. Mjomba akawasha. Tap! Fyuzi imekwenda. Kiilu akasema Mjerumani ndiye aliyekosea tangu mwanzo. Mjomba akatia fyuzi nyingine, akauliza kama kuna mwingine mwenye akili.

Nikainua mkono. Mkono wangu hauna aibu kama mdomo.

Kiilu alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza ni lini mtu aliona Mumbua akishika waya, isipokuwa ule wa kuanikia nguo. Ningemjibu kwamba mimi ndiye wa kwanza katika fizikia Form Three nzima, wavulana wote nyuma yangu. Ningemjibu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nimemjibu hapa.

Alhamisi, 13 Agosti

Siku mbili chini ya kiti cha pikipiki. Nanuka grisi. Nina furaha ya kijinga.

Dukani kwa Waithaka kuna waya wa rangi moja tu, nyekundu. Basi taa ya nyuma nyekundu, breki nyekundu, indiketa ya kushoto nyekundu, ya kulia nyekundu. Mtu mwingine angechanganyikiwa. Mimi nilichukua kikapuni kwa Susu nyuzi za katani alizotia rangi za kusukia kiondo. Njano nikafunga waya wa kushoto, kijani wa kulia, zambarau wa breki, nyeusi wa taa ya nyuma. Maridadi! Nikamwita Kiilu aone. Akasema ni nywele za mwanasesere.

Jaribio la kwanza, aibu. Mjomba akikanyaga breki, indiketa ndizo zinazomulika, tena kwa unyonge kama zinaomba msamaha. Kiilu akapiga makofi. Nikafikiri mpaka kichwa kikauma. Kumbe waya wa kurudisha umeme nilikuwa nimeukaza juu ya rangi! Rangi haipitishi umeme. Nikaikwangua kwa kisu cha jikoni mpaka chuma kikang'aa. Taa zote zikawaka. Kiilu akawaambia watu ni yeye aliyenishauri kukwangua.

Hapo ndipo wazo kubwa liliponijia. Stoo kuna honi ya pikapu iliyokufa zamani. Nimeifunga chini ya tela, na waya wake (mwekundu, katani ya bluu) nimeuunga kwenye swichi ya honi ya pikipiki. Sikumwambia mtu. Tukikaribia kwa kina Kalunde, mjomba atabonyeza, na Kwa Vonza nzima itajua tumefika. Mtu asiye na sauti si ajitengenezee?

Jumamosi, 15 Agosti. Kwa Vonza.

Niko nyuma ya ghala la mahindi la watu nisiowajua. Wacha niandike kwa utaratibu.

Asubuhi mbuzi wakapandishwa kwenye tela. Wazee wakaamua tuombe kabla ya safari. Baba mdogo aliomba. Akaombea barabara, akaombea matairi, akaombea ukoo wa Kalunde mmoja mmoja. Mimi nilifumbua jicho moja, kuangalia taa zangu.

Mbuzi walikuwa wanakula katani!

Njano imeisha. Kijani imeisha. Beberu mkubwa alikuwa na zambarau ikining'inia mdomoni kama tambi, na nyaya zenyewe ameshazitafuna zikakatika. Nikatambaa mpaka kwenye tela. Baba mdogo, katika maombi yake, alikuwa amefika kwa shangazi za Kalunde. Nikaunga waya mwekundu kwa waya mwekundu, mwingine kwa mwingine, kwa kumbukumbu na imani. Waliposema "Amina" nilikuwa nimesimama, mikono nyuma. Kiilu akauliza mbona magoti yangu yana vumbi. Nikasema nilikuwa naomba sana.

Sofa ni tamu! Upepo, milima, watoto wakipunga mikono. Mpaka kizuizini. Polisi akainua mkono. Mjomba akakanyaga breki.

PAAAAAA!

Kofia ya polisi ikaanguka. Mbuzi wote watatu wakalia kwa pamoja. Pale ni mteremko, mjomba hawezi kuachia breki, na honi haiwezi kunyamaza. Polisi akapaza sauti kuuliza hii ni nini. Mjomba akaanza kupekua mifuko akitafuta leseni. Nikaona mbuzi wakirudishwa nyumbani, Kalunde akiolewa na mtu mwenye baiskeli. Ndipo nikasikia mtu akipiga kelele, "Ni ntheo, afande! Tunapeleka ntheo!"

Alikuwa ni mimi.

Polisi akatazama mbuzi. Akatazama suti ya mjomba. Akaanza kucheka, akashika tumbo. Akasema kumbe ni shemeji wa watu, si tungesema mapema! Akataka kuona taa. Mjomba akawasha indiketa ya kulia, ikamulika ya kushoto. Polisi akafuta machozi, akasema nendeni, ila giza lisitukute barabarani, tulale huko huko kwa wakwe.

Sasa, nyumba ya kina Kalunde iko chini ya mteremko mrefu. Mrefu sana. Mjomba alishika breki kutoka juu mpaka getini, na honi ikalia kutoka juu mpaka getini. Watu wakatoka mashambani. Vigelegele! Beberu akaruka kutoka kwenye tela akaingia getini kabla yetu, na nyanya yake Kalunde akamdaka kwa pembe, akasema huyu amefika, hesabuni wawili waliobaki.

Baba yake Kalunde, mzee Mulei, alisema wakwe wengine humjia kimya kimya kama wezi wa kuku, lakini hawa wamemheshimu mbele ya majirani. Ntheo imepokelewa! Akauliza fundi ni nani. Mjomba akanionyesha kwa kidole. Watu wote wakanitazama.

Nikasema, "Ni mimi." Sauti ndogo, lakini ilitoka. Mzee akauliza kama nilipanga breki ipige honi. Nikasema ndiyo, ni kwa usalama.

Amenipa kazi ya kufunga nyingine kwenye mkokoteni wake wa punda.

Jumapili, 16 Agosti. Mbumbuni.

Tumerudi. Kiilu amenisalimia vizuri, halafu akaniomba niitazame redio ya Susu. Susu anauliza nyuzi zake zimekwenda wapi. Nimemwambia zililiwa na mbuzi, na huo ni ukweli mtupu.

Mwezi ujao tunaanza kupeleka mahari. Nimeshapanga honi mbili na balbu kuzunguka tela lote. Kuhusu alama za nyaya nimefikiri sana, maana kosa lilikuwa katani. Safari hii natumia majani mabichi ya mahindi. Ni laini, yanafungika vizuri, na mbuzi hawatakuwepo kabisa.

Tunabeba ndama.