Togwa ya Kugawia Wasiwasi

Jumatatu, 7 Machi 1955

Zahanati tena. Dresa Gideoni akauliza naumwa wapi. Nikamwambia aulize wapi siumwi, tumalize mapema. Taya, shingo, tumbo. Usingizi hakuna. Akasema ugonjwa mmoja haupo. Eti nimehangaika kila siku kwa miaka mitatu, mwili umelika kidogo kidogo kama jembe. Nisiposhusha mzigo, mwanangu Ezekia atatoka migodi ya kusini Pasaka, anikute kaburini. Nimngoje miaka mitatu yote, nife umebaki mwezi mmoja? Thubutu!

Alhamisi, 10 Machi

Nimepata dawa! Shamba likimshinda mtu, anapika togwa, wenzake wanakuja kumlimia. Wasiwasi je? Nimepika debe zima. Shule sikuiona, herufi nilizipata darasa la ubatizo, ila akili ninayo.

Jumamosi, 12 Machi

Wamekuja. Na majembe! Nikawaambia wayaweke chini, leo kazi ni ya moyoni. Jirani yangu Tusekile nimempa wasiwasi wa Ezekia, na mwamba utakaomwangukia huko chini. Lea, jirani wa pili, nimempa wasiwasi wa mimba ya binti yangu Marta, kule Mlandege, Iringa. Damari, mke wa Ezekia, nimempa ng'ombe anayekohoa. Tusekile akacheka mpaka akashika mbavu. Gwe mama Ezekia, akasema, uzee huo, leta togwa. Wamekunywa mpaka machicha. Nikasinzia palepale kwenye kigoda. Taya kimya!

Jumatatu, 14 Machi

Nimezunguka kukagua kazi. Aibu! Tusekile yuko sokoni Uyole, anachagua viazi, anaimba. Mwanangu yuko chini ya mwamba, yeye anaimba! Nikamuuliza Ezekia yukoje. Akajibu, mzima tu. Mzima! Nani kamwambia? Lea hakumbuki hata mimba ya Marta ina miezi mingapi.

Damari nikamkuta anakoroga uji, macho mekundu. Nikafurahi. Angalau huyu anamhangaikia ng'ombe vizuri. Kumbe si ng'ombe. Ni mumewe. Miaka mitatu analia jikoni, kimya, asinizidishie mzigo. Na taya inamuuma. Binti wa miaka ishirini na minne! Nikamfokea, nikamkumbatia, nikamfokea tena. Nikamwamuru aulete wasiwasi wake wote kwangu, yeye bado mtoto, hajui kubeba.

Jumatano, 16 Machi

Barua! Ezekia mzima, anafika Pasaka. Damari amelala tangu mchana, nimempalilia mahindi yake. Mgongo umekatika. Ezekia, Marta na ng'ombe nimewarudisha kwangu. Wasiwasi wa Damari ninao. Tusekile naye jana alikohoa mara mbili, wala hajijali, nimemchukua. Dresa Gideoni amekonda. Nani anampikia? Halafu hilo lori litakalomleta Ezekia, na matope haya!

Taya imerudi. Damari nimemwambia nimepona kabisa.

Kosa langu nimeliona: niliwaacha wenzangu waende na wasiwasi nyumbani. Kesho naloweka ulezi wa togwa nyingine. Safari hii watakaa hapa hapa uani, wahangaike nikiwaona.