Mgeni wa Baiskeli na Uenyekiti Wangu

Jumatano Pon, 14 Agosti

Mungu hamtupi mja wake! Saa nne asubuhi, mbele ya mlango wangu, kusini mwa kasri la Sultani hapa Yogyakarta: msichana juu ya baiskeli iliyojaa mabegi. Ainura, wa Kirgizia. Yuko njiani miezi kumi na moja. Kiindonesia amekiokota Sumatra. Anataka kupumzika siku mbili, Ijumaa aendelee mashariki.

Jumapili chama chetu cha baiskeli za kizamani kina msafara wa Uhuru, kisha kura ya mwenyekiti. Mpinzani wangu ni jirani yangu Ngatijo, fundi viti. Baiskeli yake imepakwa rangi upya, aibu! Yangu ni ya Kiholanzi, ya babu, na kutu yake ni halisi. Nikipita na Ainura ubavuni, nani ataninyima kura? Nimempa chumba cha mbele. Ngatijo kapita mara tatu kuchungulia.

Alhamisi Wage, 15 Agosti

Tatizo: Ijumaa si Jumapili. Dawa ninayo. Nimemuuliza Ainura tarehe ya kuzaliwa, nikafungua kitabu cha hesabu za siku, ambamo kila siku ya juma na kila moja ya siku tano za soko za kwetu ina namba yake. Kazaliwa Jumatano, saba. Siku ya soko Pon, saba. Kumi na nne, sawasawa na mimi! Nikamwambia, kwa sauti ya kumfikia Mama jikoni, kwamba mtu wa kumi na nne akianza safari Ijumaa Kliwon, matairi hupasuka na miguu huvimba. Kanuni nimeitunga mwenyewe.

Ainura alicheka. Mama hakucheka. Ana miaka themanini na moja, na hesabu hizi hazifanyii mzaha. Alitoka na mwiko mkononi, akasema binti huyu haendi popote, akaburuta mabegi hadi chini ya kitanda chake. Kisha akanishika shavu: hatimaye mwanawe amekuwa mtu wa elimu. Nilijiona mrefu.

Ijumaa Kliwon, 16 Agosti

Ngatijo kaja na chungu cha mchuzi wa fenesi. Mnafiki mkubwa! Hakugusa chai mpaka alipokaribishwa mara ya tatu. Akamsifu Mama kwa kuzaa msomi. Halafu akauliza: samahani sana Mama, yeye mjinga tu, lakini Jumapili si Pahing? Tano na tisa si kumi na nne? Mtu wa kumi na nne juu ya siku ya kumi na nne, hawatagongana?

Mama akahesabu kwa pingili za vidole. Akapiga yowe. Jumapili Ainura asiguse baiskeli. Wala mimi!

Ningekiri kwamba kanuni ni ya uongo. Lakini lile shavu! Nikasema hata mimi nilianza kuishuku Jumapili hiyo.

Jumamosi Legi, 17 Agosti

Sikukuu ya Uhuru. Wanaume wanakwea nguzo iliyopakwa mafuta kufuata zawadi za juu, wanaporomoka. Mama kapata dawa, ile ya watoto wenye nuksi: mzazi humfagia mtoto nje ya mlango, jirani humwokota na kumfanya wake. Hesabu inaanza upya. Ainura alikubali papo hapo, akakaa kizingitini akijipiga picha. Mama akamfagia. Nani kasimama nje, mikono tayari? Ngatijo! Kamhamishia kwake, na mabegi yote.

Mimi nimesema sifagiliwi. Nina miaka hamsini na minne. Mwanamume ana heshima yake. Mama kaifunga baiskeli yangu kwa mnyororo, ufunguo kautia ndani ya blauzi.

Jumapili Pahing, 18 Agosti

Nimefagiliwa. Saa moja asubuhi, mbele ya mtaa mzima, kwa ufagio wa uani. Ngatijo akanikumbatia: "Karibu nyumbani, mwanangu." Kuna waliokaa chini kwa kucheka. Nilipanda baiskeli kichwa juu hata hivyo. Ainura mbele, Ngatijo ubavuni mwake, mimi nyuma yao. Kutu yangu ilisifiwa na watu wawili.

Ikaja kura. Nikasimama kugombea. Katibu wetu, Bi Sumiyem, akanigeukia, akasafisha koo. "Bwana Wiryo, tangu lini mtoto akapimana ubavu na babake hadharani? Adabu umeiacha wapi?" Ukumbi mzima ukanitazama. Nikaketi. Ubaya ni kwamba hata mimi niliona ana haki. Ngatijo kapita bila kupingwa.

Jumatatu Pon, 19 Agosti

Ainura kaondoka alfajiri. Kaniita kaka. Nililia kidogo, nakiri, na si kwa ajili ya uenyekiti.

Kisha nikafikiri. Ngatijo ana mabinti watupu. Mwana wa kiume ni mimi peke yangu. Mwenyekiti akifa, kiti kinakwenda kwa nani? Nimepita kwake asubuhi, nikamwita Baba kwa sauti, barabara nzima isikie. Kaguswa, maskini, kanipa mkungu wa ndizi. Hajui lolote!

Sasa ni subira tu. Yeye ana miaka hamsini na miwili.