Samaki wa Kumsemea Gentille

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Ziwa Kivu lote lilinijua. Nikishusha ndoano, samaki wanapanga foleni. Nimevua kwa mtumbwi, kwa wavu, kwa mikono mitupu!

Bon. Si kweli. Bukavu niliuza betri za redio. Samaki nilimkuta kwenye sahani, na hata hapo miiba ilinishinda. Lakini nimeshajisifu kanisani hapa Columbus, mwaka wa sita sasa, na hakuna aliyekumbuka zile betri.

Sasa mambo ni haya. Gentille, binti wa marehemu kaka yangu, anaolewa. Wakwe wanatoka Louisville tarehe 14 kuleta mahari. Nani atasimama kusema kwa niaba ya familia? Mimi! Kaka aliniachia neno hilo hospitalini, amenishika mkono. Lakini binamu yangu Zihindula wa Buffalo anasema ni yeye, kwa sababu anajua Kifaransa cha hotuba. Miezi miwili tunagombana kwa simu.

Leo Gentille amechoka. Amesema nyinyi baba zangu wadogo wote mnajiita wavuvi, basi kila mtu akavue yule samaki wa huku, bass wa mdomo mdogo, amlete Jumapili, samaki mwenyewe, si picha. Mwenye samaki mrefu atasema. Mwingine atapiga makofi.

Alikuwa anatania. Zihindula akakubali. Ningefanya nini?

Jumanne, tarehe 3 Juni

Wolfgang, jirani yetu Mtanzania, amenipeleka bwawani. Maji mengi, mawe pembeni, hakuna mama hata mmoja anayeuza chochote. Akatupa mshipi, akavuta, akatoa samaki wa kahawia, macho mekundu, mistari ubavuni. Ndiye huyo, akasema. Akampima. Akampiga picha. Akamrudisha majini!

Nikamuuliza kama samaki alikuwa mgonjwa. Akasema hapana mzee, tunamwacha aendelee kukua. Basi kwa nini tumeamka saa kumi na moja? Akasema ni mchezo. Nikauliza kama samaki ameambiwa kwamba ni mchezo. Akatupa mshipi tena.

Jambo lingine. Wanamwita wa mdomo mdogo, lakini vidole vyangu vinne viliingia. Sasa mwenye mdomo mkubwa yukoje? Labda anakaa Buffalo na ana simu.

Nikatupa ndoano palepale samaki aliporudishwa. Nilijua amechoka, hana akili. Alikuwa nayo. Nimevua kofia ya Wolfgang.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Hila ya kwanza. Nimenunua sambaza wakavu, vile visamaki vyetu vya Kivu, kwenye duka la Mama Bamurange. Samaki wa Amerika hajawahi kula kitu cha maana, nikasema, huyu akinusa tu atapanda mwenyewe. Nikaweka mfuko juu ya jiwe ili nifunge ndoano vizuri. Bata bukini akaja. Akala mfuko wote. Kisha akanifukuza mimi! Wolfgang akakimbilia gari na kufunga mlango kabla sijaingia. Anasema alichanganyikiwa. Msomi mzima.

Hila ya pili. Nimempigia Zihindula, nikamwambia kwa huruma kwamba samaki wa upande wa Buffalo mwaka huu wana mdudu, ukimgusa tu unakuwa bubu. Akasema asante ndugu, nitakutumia wawili. Kisha akanitumia picha. Amenyoosha mikono mbele, samaki amefunika tumbo lake lote. Na tumbo la Zihindula si kitu cha kufunikwa hivihivi. Chakula kimenishinda.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

NIMEPATA!

Nilikuwa nimebana fimbo kati ya mawe, namtukana Zihindula kwa simu, mara fimbo ikaondoka. Nikaifuata hadi magotini. Kiatu kimoja kimebaki huko. Samaki akaruka, na mimi nikaruka. Wolfgang anapiga kelele vuta mzee, usivute mzee, sijui nifanye lipi. Nikafanya yote mawili.

Mkubwa! Wolfgang akatoa rula yake. Nikakataa. Akatoa simu ampige picha. Nikakataa pia. Nilimwona anavyoangalia maji. Nikamkumbatia samaki wangu mpaka garini.

Nyumbani, Nzigire mke wangu alimtazama samaki, akanitazama mimi, akauliza ni duka gani. Miaka arobaini na mbili ya ndoa!

Kisha nikafikiria mbali. Kwetu kichwa cha samaki ni cha mzee wa familia. Kesho mezani tutakuwa wazee wawili, na Zihindula hana aibu, atanyoosha mkono. Donc, kichwa kiliwe leo. Nzigire akasema Baba Aganze, si usubiri wapime kwanza? Nikamwambia mwanamke, wanapima samaki. Kichwa nani anapima? Tukihesabu ng'ombe wa mahari, tunahesabu pembe?

Supu, pilipili, limau. Nimenyonya hadi macho.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Kwa Gentille, Reynoldsburg. Jean-Baptiste, baba wa bwana harusi, ametangulia kutoka Louisville awe mwamuzi. Miwani, utepe wa kupimia, uso wa hakimu. Samaki wa Zihindula: inchi kumi na saba.

Nikafungua gazeti nililomfungia samaki wangu. 

Jean-Baptiste akauliza samaki huyu anaanzia wapi. Nikasema hapo, shingoni. Akasema samaki hana shingo, mkwe. Tunapima toka mdomoni hadi mkiani, na mdomo uko wapi? Nikaonyesha tumbo langu. Gentille akakaa chini kwa kucheka.

Inchi kumi na nne.

Zihindula akasema basi mlazeni muzee kando ya samaki wake, muwapime pamoja, asionewe. Wote wakaanguka. Hasa Nzigire.

Zihindula atasema. Nimempa mkono. Gentille akanifuata nje kwenye maegesho, akasema baba mdogo, usinune, siku hiyo utakaa karibu yangu. Nikasema sawa.

Lakini kaka hakuniambia nikae. Aliniambia niseme.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimefanya hesabu. Kiwiliwili inchi kumi na nne. Kichwa, nakikumbuka vizuri, kilijaa bakuli: inchi tano. Jumla kumi na tisa. Nimeshinda! Kinachokosekana ni ushahidi tu.

Kiwiliwili kiko kwenye friza. Leo nimepata kichwa kwenye duka la samaki. Si cha ndugu yake, kina ndevu, lakini ndevu zinanyolewa. Jean-Baptiste atarudi Jumamosi na utepe uleule. Akipima upya kabla ya mahari, Zihindula atanyamaza mbele ya watu wote. Nzigire amekataa kushika sindano, anasema nimwache azeeke kwa amani. Nimemwandikia Theresia, mke wa Wolfgang, mwenye cherehani, hivi:

Mama Theresia, shikamoo zote nakurudishia wewe. Nani alikuombea siku ya mtihani wa kuendesha gari? Mimi. Ukafaulu. Zile mara mbili za kwanza sikuwa nimejulishwa. Sijawahi kukudai kitu. Sasa naomba uje na sindano nene na uzi wa kahawia. Mishono kumi tu, na usimwambie mumeo.