Ukungu wa Bwana Lysgaard

Jumapili, 2 Novemba
Ukungu tangu alfajiri. Ghuba haionekani, ua wa jirani hauonekani. Raha iliyoje! Miaka yangu yote kazini nilipima ardhi za watu: jiwe hapa, waya pale, shamba la fulani linaishia hapa. Ukungu hauna mpaka. Ndiyo maana nilistaafu nikashika brashi. Nachora ukungu tu.

Mke wangu Gudrun hana subira na ukungu. Anakitaka chumba cha dirisha la kaskazini ninamochorea, arudishe cherehani yake iliyolala kwenye banda la baiskeli. Amesema kwa upole, ule upole wake wa kutisha, kwamba Ijumaa ndiyo mwisho. Siku hiyo chama cha picha cha ofisi yetu ya zamani kinawagawia wanachama picha kilizonunua mwaka mzima. Majina yanachotwa, anayetajwa kwanza anachagua kwanza. Picha yangu akiichagua mtu mmoja tu, chumba ni changu. Ikikosa, nahamia bandani.

Jumanne, 4 Novemba
Niandike, maana siwezi kujisifu kwa mtu. Mwaka jana nilipeleka picha kwa jina langu, Torkild Bruun. Vagn, niliyepima naye mashamba nusu ya jimbo la Jutland, akauliza mbele za watu nitaanza lini kuichora. Walicheka mpaka kahawa zikamwagika. Mwaka huu nimemwambia Vibeke, mwenyekiti, kwamba picha ni ya Anton Lysgaard, mchoraji wa kisiwani asiyeonana na watu. Akaitazama kwa muda mrefu. Akasema ina kina! Akainunua hapo hapo.

Picha ya Vagn nayo imo. Ng'ombe, kama kawaida yake. Ng'ombe wenye kope! Watu hawana aibu.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimezunguka ofisini na mfuko wa maandazi ya mdalasini, nikinong'ona kwamba Lysgaard anazeeka na picha zake zitaadimika. Maandazi yamekwisha. Hakuna aliyeniuliza habari za Lysgaard. Vagn kala matatu.

Ijumaa, 7 Novemba
Mungu wangu! Vibeke katia mkono kwenye bakuli la supu, akachota jina la kwanza. Langu!

Nikasimama katikati ya ukumbi. Nikawaza: nikiiacha picha yangu, huenda isichukuliwe na yeyote. Nikiichukua, si itakuwa imechaguliwa? Na mimi si mtu? Nikaichukua. Gudrun akaziba uso kwa mkono.

Jina la pili likawa la Jytte, yule mama aliyetunza ramani zetu za zamani. Hakusogea. Machozi yakamlengalenga. Akasema alikuja kwa ajili ya ukungu ule tu. Akasema utotoni yeye na marehemu dada yake walikwenda shule wakiushika waya wa ua wasipotee, na hajawahi kuiona tena asubuhi ile mpaka leo. Kisha akachukua picha ya ng'ombe ya Vagn.

Mtu mmoja duniani aliipenda kweli picha yangu, na mimi ndiye niliyemnyang'anya. Nilifungua kinywa nimpe. Vagn akauliza kwa sauti, mzee, huyu Lysgaard unamjulia wapi? Nikafunga kinywa.

Tulipofika nyumbani Gudrun akasema, Torkild wee, mpelekee Jytte picha yake, chumba kaa nacho. Nisipopeleka, cherehani inaingia Jumatatu.

Jumapili, 9 Novemba
Nimekwenda kwa miguu, picha kwapani, ukungu tele. Nilipita nikiushika waya wa ua wa watu kama mtoto. Sikumbuki lini nilifurahi hivyo.

Nikamwambia Jytte kwamba Lysgaard mwenyewe kaagiza apewe. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaitundika mbele ya kitanda chake, aione kila akifumbua macho. Kisha akanikatia keki, akanitazama sana vidoleni, penye rangi nyeupe, akasema nimfikishie Bwana Lysgaard shukrani zake zote. Nilitaka kulia na nilitaka kuimba.

Jumatatu, 10 Novemba
Sikulala. Ukungu wangu uko chumbani, anauona Jytte peke yake. Sebuleni kwake, juu ya kochi, wanapopita wageni wote, wametundikwa ng'ombe wa Vagn!

Basi yanahitajika mabadiliko. Leo nimeanza picha kubwa, ya ukuta mzima. Mchoraji: Bwana Mogens Dalby, rafiki wa Lysgaard, naye haonani na watu. Gudrun ameingia na kahawa, akatazama ule weupe, akauliza ni nini hicho tena. Nikamwambia ni ng'ombe saba.

Akauliza wako wapi. Nikamwambia asubiri ukungu upite.