Kiingilio ni Mananasi

Jumatatu, 18 Novemba
Hili sijamwambia mtu: mimi, shabiki wa kweli wa Mdalasini FC, sijawahi kushangilia kwa sauti. Hata goli likiingia. Nashangilia moyoni, kwa nguvu sana.
Leo kaka yangu Fransisko, kipa wetu, kasema tusipopata usafiri wa kwenda kucheza Mlali Jumamosi, timu inafutwa kwenye ligi. Aliyasema haya akishona glovu zake.
Nimesoma kwamba klabu kubwa huishi kwa mashabiki wake. Hapa kijijini kwetu Kinole mashabiki tunao. Hela ndiyo hawana.

Jumanne, 19 Novemba
Nimepata! Kanisani asiye na fedha hutoa kuku au mkungu wa ndizi, na baada ya misa vinanadiwa. Basi keshokutwa, mechi ya kirafiki, kiingilio ni zao lolote. Kisha mnada. Ignas, mpiga ngoma wetu, kaniita Profesa, kauliza kama nanasi nalo litashangilia. Nikamdharau kimyakimya.

Alhamisi, 21 Novemba
Uwanja umefurika! Hata bibi zetu wa kwaya. Langoni, mananasi. Mlima wa mananasi. Nililia kidogo.
Mnada ukaanza. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama Maria akauliza, mwanangu, ninunue nanasi la nini, na hilo la juu si langu mwenyewe? Ignas akapiga ngoma ya msiba.

Ijumaa, 22 Novemba
Nimemfuata Mzee Kabir, mnunuzi wa matunda kutoka mjini. Nikampa shikamoo mara mbili, kwa woga. Kakubali: mananasi yote yake, na lori lake litatufikisha Mlali. Ushindi! Fransisko kaninyanyua juujuu.

Jumamosi, 23 Novemba
Lori limekuja. Mananasi yakapakiwa hadi juu. Wachezaji wakauliza wanakaa wapi. Mzee Kabir akasema, juu ya mzigo, vijana, kwani mlidhani nimeleta basi?
Mimi nilikaa mbele. Barabara ile! Mashimo yale! Wameshuka Mlali wanatembea kama bata. Tumefungwa saba. Lakini hatukufutwa.

Jumapili, 24 Novemba
Fransisko kalala kifudifudi. Hasemi nami.
Nimetafakari misa nzima na kosa nimeliona: mananasi yako kila nyumba. Linatakiwa tunda adimu, lenye bei mjini. Doriani, lile tunda kubwa la pwani! Miiba yake ni mirefu kidogo kuliko ya nanasi, lakini mtu hali miiba.
Nikaandika tangazo la kiingilio kipya kwa herufi kubwa, nikaenda kulibandika mlangoni pa mashine ya kusaga.