Kiti cha Banda la Betri

Jumanne, 24 Februari

Mgongo umekufa. Tangu asubuhi nabeba betri zilizochoka za pikipiki za umeme, hapa karakanani Masaka. Barabarani hazifai tena. Tunazipanga nne nne ndani ya kasha, zikawashe taa majumbani. Uzee mzuri huo!

Habari kubwa. Bosi wetu, Mama Gahongayire, anatafuta mlinzi wa banda la makasha. Kazi ya kukaa. Kwenye kiti! Mimi na Cyriaque, Mrundi mwenzangu mwenye mdomo, tumepewa kila mtu kasha moja akalijaribu nyumbani hadi Jumatatu. Atakayelitumia vizuri, kasema Mama, atapata kiti. Taa, redio, simu, ruhusa. Kupikia, marufuku.

Kulitumia vizuri ni nini? Ni kulitunza. Nimeshashinda.

Alhamisi, 26 Februari

Asilimia mia! Sijaligusa. Nimelifunika blanketi langu, mimi nalala na koti. Nakula kwa mshumaa. Jirani yangu Athanasie kaomba kuchaji simu. Nikamwambia kasha linapumzika. Kaniuliza kama lina homa.

Jumamosi, 28 Februari

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Mtaa mzima tumezibua mtaro. Kwenye mkutano, kipaza sauti cha mkuu wa mudugudu, yaani mkuu wa mtaa wetu, kikazimika. Wote wakanigeukia: si Libère ana kasha? Nikasema limelala. Cyriaque akakimbia, akaleta lake juu ya baiskeli. Mkuu akahutubia saa nzima. Makofi!

Mjinga yule. Kamaliza nusu ya betri kwa habari za mitaro. Nimecheka hadi nyumbani.

Jumatatu, 2 Machi

Nimerudisha kasha limejaa, limefutwa vumbi. Mama Gahongayire akasoma kipimo, akashika kiuno. Akasema alitaka kujua betri kuukuu inavyofanya kazi, si inavyolala. Kasha la Cyriaque kaliandikia ukurasa mzima wa matumizi. Kiti kimekwenda kwake. Cyriaque ananiita Mzee Blanketi, tena akiwa amekaa.

Lakini Mama ana huruma. Zamu ya jioni bado haina mtu. Kanipa kasha wiki nyingine. Safari hii, kasema, litumie, Libère, litumie!

Nimeelewa kabisa. Nimeazima jiko la umeme la Athanasie. Maharage makavu kilo mbili, kama tunavyopika kwetu Ngozi: kwa muda wa saa nne motoni. Nimealika mtaa mzima, hata Cyriaque. Aje aone kasha linavyotumiwa.